Watoi wakigawanywa baada ya matanga: sheria ya kuasili inawatambua kama ndugu?

Sema ni wewe. Uko na miaka 23, uko Nai unasukuma maisha, simu inaingia usiku: mathe ameenda. Fathe alitangulia kitambo. Unapanda basi, unapita Kisii, unapita Rongo, ukianza kuona miwa ya Sony pande zote mbili za barabara unajua umefika Awendo. Na kichwani swali ni moja tu: hao wadogo watatu wataishi na nani?

Siku mbili baada ya mazishi kikao kinaitwa. Hakuna jaji hapo, hakuna loya. Kuna waya, kuna nera, kuna wazee wa boma na thermos ya chai. Kufika jioni mambo imeisha. Sista wa miaka 12 anaenda kwa waya Rongo "akasaidie nyumbani." Bro wa miaka 8 anaenda Kisumu na nera. Kale ka mwisho, ka miaka 3, kanaachiwa dani, lakini dani ni mgonjwa, so mtu anasema kuna makao ya watoto mahali yanaweza kumchukua. Unaambiwa ushukuru Mungu. Na ukweli usemwe, hao watu si wabaya, kila mmoja ana watoto wake na bado amejitolea. Lakini ndugu watatu wametawanywa kabla vyombo vya matanga kurudishwa.

Huu ni mfano tu. Ila kama umekulia Migori ama Homa Bay, hakuna haja nikueleze zaidi. Hizi ni kaunti ambazo ukimwi ulipiga vibaya kuliko sehemu nyingi za nchi, na neno kich, yatima, kila mtoto analijua kabla aanze shule.

Sasa, sheria inasema nini?

Kenya iko na Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001. Katiba nayo, kifungo cha 53, inasema maslahi ya mtoto ndiyo yanaenda mbele kwa kila uamuzi unaomhusu. Soma hiyo tena polepole: maslahi ya mtoto. Mmoja. Hapo ndipo noma inaanzia. Mambo ya kuasili yameandikwa kwa kumwangalia mtoto mmoja mmoja. Shirika la kuasili lililosajiliwa linathibitisha kwamba mtoto huyu yuko huru kuasiliwa, wazazi wapya wanakaa naye miezi mitatu, Mahakama Kuu inatoa amri yake. Ukitafuta mstari wa kumwambia jaji wazi wazi "hawa ni ndugu, usiwatenganishe," utafuta sana.

Si eti ndugu hawahesabiwi kabisa. Sheria inamtaka jaji apime uhusiano wa mtoto na watu walio muhimu kwa maisha yake, apime uthabiti wa pale anapoishi, na amsikize mtoto mwenyewe kulingana na umri na akili yake. Loya mkali anaweza kuchukua hayo mambo na kujenga kesi safi kwamba huyu wa miaka 3 hawezi kwenda kivyake. Lakini ona tofauti: hiyo ni hoja ambayo lazima mtu aibebe hadi kortini. Haijisemi.

Mwongozo wenyewe uko. Umoja wa Mataifa ulipitisha wake mwaka 2009, kwamba ndugu wenye uhusiano wasitenganishwe isipokuwa kuna hatari ama sababu nyingine ya maana kwa mtoto, na wakitenganishwa, wasaidiwe kuendelea kuonana. Kenya ikatoa mwongozo wake wa malezi mbadala 2014, na fikra ni hiyo hiyo. Shida ni kwamba mwongozo si sheria. Ofisa mzuri ataufuata. Aliye na mafaili mia mezani na gari haina mafuta, utamlaumu aje? Marekani waliona hii kitu mapema, na tangu 2008 sheria yao ya kitaifa inadai majimbo yafanye juhudi kuwaweka ndugu pamoja, iwe ni kwa malezi ya muda ama kuasiliwa, na ikishindikana waonane mara kwa mara. Hata huko ndugu bado hutenganishwa, lakini angalau kuna mtu wa kuulizwa kwa nini.

Kuna masharti mengine yanayogawanya ndugu hata bila kukusudia. Mtu baki anayetaka kuasili lazima awe amefika miaka 25, amzidi mtoto kwa miaka 21, na asiwe amefika 65. Mwanaume aliye peke yake akitaka kuasili msichana, sheria inamwekea breki. Sababu unaielewa, hakuna anayebisha. Lakini weka hapo bro na sista wake: huyo msee anaweza kupita kwa kijana na kukwama kwa msichana.

Halafu kuna hii ambayo watu hawaambiwi. Amri ya kuasili ikishatoka, mtoto ni wa familia mpya kabisa, jina na urithi. Anaingizwa kwa rejista ya watoto walioasiliwa, na kile kinachounganisha rejista hiyo na cheti chake cha kwanza si kitu cha kufunguliwa kila mtu anayekuja kuuliza. Wakumbuke wale mapacha wa Kakamega waliojipata kwa Facebook 2019 juu ya kufanana sura. Hawakuwa wameasiliwa, stori yao ilikuwa ingine, lakini nchi nzima ilishika vile inauma kukua bila kujua nusu yako iko wapi. Na hao walikuwa na bahati ya kufanana.

So wewe wa miaka 23 unafanya nini?

Kwanza, jua hujafungiwa nje. Sheria ya 2022 inatambua kuasili kwa jamaa, na kwa jamaa masharti ya umri hayabani vile yanambana mtu baki. Lakini mimi naona kuasili si dawa ya kwanza hapa. Ulezi unatosha familia nyingi: korti inakutambua wewe, ama dani, ama waya, kama mlezi wa wote watatu. Unaweza kusimamia shule, hospitali na mali yao, na hakuna mtu anapoteza jina wala undugu. Mzazi aliye hai bado anaweza hata kuteua mlezi kwa wosia. Ni mazungumzo magumu kuanzisha na mathe akiwa mgonjwa, najua. Lakini kikao cha wazee kitakuwa kigumu zaidi kama yeye hakusema kitu.

Kinachobaki ni doh, na hapo serikali inajichanganya. Pesa ya Inua Jamii ya watoto yatima ni ngiri mbili kwa mwezi kwa kila kaya. Kaya, si mtoto. Dani akichukua mmoja ni ngiri mbili. Akichukua wote watatu ni ngiri mbili. Halafu tunashangaa kwa nini kila jamaa anataka mmoja tu. Mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unataka watoto watoke kwa makao warudi kwa familia, na ni sawa, lakini familia gani itabeba watatu kwa bei ya mmoja?

Kama hii iko kwenu saa hii, enda ofisi ya watoto ya kaunti ndogo kabla mtoto yeyote hajahamishwa. Sema majina yote matatu na uombe yaandikwe kwa faili moja. Ukiwa mbali piga 116, ni bure. Na kama kuna mmoja tayari ako kwa makao na unasikia kuna watu wanataka kumwasili, usingoje barua: mwambie ofisa leo kwamba ana ndugu, wako wapi, na kwamba unataka korti ijue hivyo kabla amri haijatoka.