Mikono ya Aliye Karibu

Mtu aangukapo ghafula sokoni au barazani, watu humzunguka upesi: huyu ampepea kwa kanga, yule amnyunyizia maji usoni, na wa tatu atoka mbio kutafuta teksi. Hapana aliyekosa huruma kati yao; walichokosa ni maarifa. Pengine wamsikia akikoroma kwa pumzi za kukatikakatika, wakasema yu hai, aachwe apumzike, ilhali moyo umekwisha simama na zile ni pumzi za kukata roho.

Ubongo uliokosa damu huanza kuharibika baada ya dakika chache tu, hata gari la wagonjwa, liendeshwe kwa kasi iliyoje, aghalabu humkuta mtu amekwisha fariki. Lakini yaliyo wajibu kutendwa hayahitaji shahada ya utabibu: alazwe chali mahali pagumu, kitako cha kiganja kiwekwe katikati ya kifua, na cha pili juu yake, mikono inyooshwe, kisha kifua kikandamizwe kwa nguvu, kishuke sentimita 5 au 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusita. Anayechelea kumvunja mbavu na ajue kwamba ubavu huunga.

Tarehe 12 Juni 2021, mjini Copenhagen, wengi wetu tulimwona kwa televisheni mchezaji wa Denmark, Christian Eriksen, akianguka uwanjani Denmark ilipocheza na Finland. Akakandamizwa kifua, akashtuliwa moyo kwa mashine, akaishi, na baadaye akarudi kucheza kandanda. Naam, waganga walikuwapo pale. Bali nchi ile haikuwategemea waganga peke yao: mwaka 2005 iliyafanya mafunzo ya kuokoa mtu namna hii kuwa faradhi katika shule za msingi, na mwaka uliofuata ikayafanya sharti kwa kila aombaye leseni ya udereva. Mwaka 2001, katika kila watu 100 waliosimama moyo nje ya hospitali, kiasi cha 21 tu ndio walioauniwa na wapita njia. Kufikia 2010 walikuwa karibu 45, na waliokuwa hai baada ya siku 30 waliongezeka kutoka chini ya 4 hadi zaidi ya 10.

Shule tunazo, na vyuo vya udereva tunavyo. Naziomba wizara na mamlaka husika zilitie somo hili humo. Nawe msomaji usingoje sheria: waulize Msalaba Mwekundu wa mji wako wanafundisha lini, uende, umchukue na jirani yako.