Kongo Haina Upungufu wa Wafadhili

Mgodi ukifukia watu Kolwezi, au bunduki zikilia Goma, vijiweni na redioni hoja huwa ile ile: dunia imeisahau Kongo, wafadhili waongeze msaada. Hoja ya huruma, lakini si ya kweli. Malori ya shaba na kobalti yanayopanga foleni mpakani Kasumbalesa kila siku hayajatumwa na mtu aliyesahau.

Msaada haujakosekana. Mwaka 2002, nchi ikiwa bado vitani, Benki ya Dunia iliisaidia Kinshasa kuandika sheria ya madini. Mrabaha wa shaba na kobalti ukawekwa asilimia 2. Muda si mrefu Benki hiyo hiyo ikagharimia kuwapunguza wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, shirika la madini la serikali lililokuwa likiendesha shule na hospitali Katanga.

Ukaja mwaka 2010. Deni la zaidi ya dola bilioni 12 likafutwa, watu wakapongezana. Kati ya mwaka huo na 2012, kwa hesabu ya jopo lililoongozwa na Kofi Annan, Kongo ilipoteza dola bilioni 1.36 kwa kuuza migodi kwa bei ya kutupa. Mikataba mitano tu! Fedha hizo zilikaribia mara mbili ya bajeti ya afya na elimu ya mwaka mzima wakati huo.

Najua jibu: wakubwa wa Kinshasa ni wezi. Ni wezi kweli, wala simtetei yeyote. Ila rushwa ina mpokeaji na ina mtoaji. Mwaka 2022 kampuni ya madini ya Glencore ilikiri makosa ya hongo katika nchi kadhaa, Kongo ikiwemo, kisha ikakubali kuilipa Kinshasa dola milioni 180.

Pale Musompo, soko la madini nje ya Kolwezi, mchimbaji mdogo hutua gunia lake mbele ya mnunuzi. Mnunuzi anaelekeza kifaa kwenye jiwe, kinasoma asilimia ya kobalti, na bei hufuata namba hiyo. Kifaa ni cha mnunuzi, mzani wa mnunuzi, karatasi ya bei ya mnunuzi. Mchimbaji atanung'unika kwamba namba imechezewa, halafu atapokea anachopewa, maana jioni nyumbani wanasubiri unga. Mradi wa wafadhili ukimfikia mtu huyu utampa kofia ngumu na semina ya usalama (posho ya semina, bila shaka, ni ya waliotoka mjini). Kifaa cha kupimia mawe yake mwenyewe hakimo kwenye bajeti.

Mwaka 2018 Kinshasa ilibadilisha sheria ile ya madini. Mrabaha wa shaba ukapanda hadi asilimia 3.5, na kobalti, baada ya kutangazwa madini ya kimkakati, ikafika 10. Kabla ya saini, wakuu wa makampuni makubwa walifunga safari hadi kwa Rais wa wakati huo, Joseph Kabila, kumsihi alegeze. Hakulegeza. Sijasikia wakubwa hao wamefunga safari kuzuia mradi wa visima.