KONA YA KOMPYUTA: Maneno ya chini ya ukurasa

Mwezi huu tuzungumze juu ya tanbihi, yaani yale maneno madogo yanayokaa chini ya ukurasa na namba yake.

Mtauliza, sasa hiyo itatusaidia nini? Sikilizeni. Kijana mmoja wa darasa letu anaandika historia ya familia yake. Ni watu wa Itaba, kule Gitega. Alipofika tarehe 9 Septemba 2002, siku wanajeshi walipoua raia wengi pale Itaba, aliandika hesabu moja tu ya waliokufa. Bibi yake aliposomewa akauliza: "Mjukuu wangu, hiyo hesabu umeitoa wapi?" Kijana kimya. Na kweli, hesabu zilizoandikwa hazifanani: nyingine ni mia na sabini na kitu, nyingine zinapita 260.

Hapo ndipo tanbihi inafanya kazi. Juu unaandika habari, chini unaonyesha imetoka wapi: ripoti ya nani, ya mwaka gani, au ni mzee gani alikuambia. Neno la bibi nalo ni ushahidi, si la kutupa.

Kompyuta yetu ni ya Kifaransa, basi fanya hivi kwenye Word:

1. Kliki mwisho wa neno au sentensi unayotaka kueleza.
2. Nenda juu palipoandikwa "Références".
3. Kliki "Insérer une note de bas de page". Namba ndogo itatokea, na kile kistari kinachowakawaka kitashuka chenyewe chini.
4. Andika maelezo mafupi, kisha rudi juu uendelee.

Hapana kuandika namba hizo mwenyewe! Ukiongeza tanbihi katikati, kompyuta inazipanga upya. Ukitaka kufuta, futa namba iliyo ndani ya habari; maneno ya chini yataondoka nayo. Ukifuta ya chini peke yake, namba inabaki.

Tanbihi inasaidia pia jina likibadilika. Bibi alikimbia kupitia mkoa wa Muyinga. Lakini mwaka 2025 mikoa ya Burundi ilipunguzwa kutoka 18 kuwa 5, na Muyinga ikaingia mkoa wa Buhumuza. Mjukuu atakayesoma kesho atautafuta mkoa wa Muyinga asiuone. Mstari mmoja chini unatosha kumwelekeza.

Wazazi, mtoto akiuliza "nani alikuambia, na mwaka gani?", msimwone hana adabu. Mjibuni wakati mpo.

Kijana wetu sasa ameweka hesabu zote, kila moja na aliyeitoa. Bibi alisema yeye hakuhesabu watu, ila wa nyumba yake anawajua kwa majina. Majina hayo yako chini ya ukurasa, tanbihi namba 3.

Tukutane mwezi ujao.
Mwalimu wenu wa kujitolea