Bima isichanganye tiba na urembo

WENGI huzijua sindano za Botox kwa kuondoa makunyanzi usoni. Hata hivyo, nchini Marekani dawa hiyo ya kulegeza misuli iliidhinishwa kwanza mwaka wa 1989 kutibu makengeza na kukakamaa kwa misuli ya kope. Idhini ya urembo ilifuata 2002.

Mnamo 2010, Mamlaka ya Chakula na Dawa (FDA) ya nchi hiyo iliruhusu itumiwe kuzuia kipandauso sugu, yaani maumivu ya kichwa kwa siku 15 au zaidi kila mwezi.

Kampuni za bima hukataa kugharamia urembo, na hapo hazina lawama. Utata huzuka kwenye tiba. Nyingi humtaka mgonjwa ajaribu dawa nyingine mbili au tatu, kisha daktari aombe idhini kabla ya kumdunga.

Tahadhari hiyo inaeleweka, kwani sindano hizo ni ghali. Lakini nguvu zake hudumu takriban wiki 12 pekee. Idhini ikichelewa, maumivu hurejea na riziki ya mgonjwa huyumba. Kwa aliyekwisha kupata nafuu, kurudishwa kwenye foleni ya makaratasi ni adhabu, wala si kubana matumizi.