Ajali ina kinga



Katika misiba yetu, marehemu akiwa amegongwa na gari, kuna maneno mawili ambayo hayakosekani. La kwanza, "ajali haina kinga". La pili, "kazi ya Mungu haina makosa". Tunayasema kwa nia njema, ili kumfariji mama aliyempoteza mwanawe akivuka barabara kwenda shule. Lakini Dominika hii nawaomba tuyapime kwa Neno la Mungu, maana naona tunamsingizia Mungu kosa lililo letu.

Fungua Kumbukumbu la Torati 22:8. Mwisraeli anayejenga nyumba mpya anaagizwa azungushe ukuta mdogo juu ya paa, mtu asije akaanguka na nyumba hiyo ikabeba hatia ya damu. Mapaa ya wakati ule yalikuwa tambarare, na watu walipumzika huko juu. Mungu hasemi kwamba aliyeanguka alikuwa mzembe, wala hamlaumu mzazi kwa kutomfunga mtoto kamba. Anamgeukia aliyejenga na kumdai ukuta. Kumbe ajali ina kinga, na kinga hiyo ni wajibu wa mtu.

Sasa tutazame barabara zetu. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, linasema watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, hakuna kinachoua zaidi ya hizo. Hapa Dar es Salaam wengi wetu hutembea kwa miguu au hupanda daladala, na hata wa daladala hushuka akavuka. Hata hivyo, barabara ikipanuliwa tunashangilia kwamba magari yatakwenda kasi. Ni wachache wanaouliza mtoto wa darasa la pili atavukaje njia nne badala ya mbili.

Akigongwa, tunamtafuta wa kumlaumu: dereva alikuwa amelewa, mtoto alikurupuka, mama hakumshika mkono. Huenda yote ni kweli. Lakini watoto hukurupuka tangu dunia iumbwe, na hatutawabadilisha. Barabara inaweza kubadilishwa.

Ushahidi tunao hapa hapa jijini. Shirika la Amend lilikwenda katika shule za msingi zenye watoto wengi wanaoumia barabarani, likachunguza wanapita wapi na wanagongewa wapi. Kisha zikajengwa njia za miguu, matuta na vivuko, vikawekwa vizuizi ili magari yasipande njia ya watoto, na penginepo geti la shule likahamishiwa upande usio na magari mengi. Utafiti ulionyesha kwamba majeruhi walipungua kwa takriban robo. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji, WRI Ross Prize. Wengine tunayanung'unikia matuta kwa kutuchelewesha. Lakini tuta mbele ya shule ndio ule ukuta wa Kumbukumbu la Torati.

Kanisa nalo halikunyamaza. Katekisimu, namba 2290, inafundisha kwamba anayehatarisha maisha ya wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi ana hatia kubwa. Mwaka 2007 Vatikani ilitoa hata amri kumi za madereva, na ya kwanza ni kutoua. Je, ni wangapi tunaoungama mwendo kasi? Tunaungama hasira na uongo, lakini kupita mbele ya shule kwa kilomita 80 kwa saa tunakuona ni jambo la trafiki, si la padre.

Tuanzie nyumbani. Dominika asubuhi, nje ya makanisa yetu mengi, magari ya waamini yameegeshwa juu ya njia ya miguu, na watoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza wanalazimika kushuka barabarani. Tumechelewa Misa, tunamwambia kijana wa bodaboda akaze mwendo. Hayo hayahitaji bajeti ya serikali kuyaacha.

Yanayohitaji bajeti, tuyadai. Jumuiya ndogo ndogo zinajua watoto wao wanavukia wapi. Ziyaandike maeneo hayo, Halmashauri ya Walei iyapeleke serikali ya mtaa, na kutoka hapo TARURA kwa barabara za mitaa au TANROADS kwa barabara kuu. Barua isipojibiwa, iandikwe nyingine. Kudai kivuko mbele ya shule ni kutetea uhai, sawa na kumtetea mtoto aliye tumboni.

Na tukienda tena msibani kwa mtoto aliyegongwa, tukae na mama yake, tusali Rozari, tulie naye. Lile neno la kwamba ni kazi ya Mungu tusimwambie. Mungu alikwisha kuagiza ukuta ujengwe.