Neno la siri likipotea, kuformate kusiwe dawa ya kwanza

Katika kartiye za Goma na Bukavu, mtu aliyesahau neno la siri la ordinatere yake akienda kwa fundi, mara nyingi anapewa jibu moja tu: "Tutaiformate." Mwenye mashini anakubali, analipa, na jioni anarudi nyumbani na mashini inayowaka vizuri. Lakini ndani hamna kitu. Picha za familia hazipo. Barua za kazi hazipo. TFC ya mtoto aliyebakiza mwezi mmoja kuitetea haipo. Mashini imepona, mali iliyokuwa ndani imekufa.

Tabia hiyo inapaswa kukoma. Mtu akipoteza ufunguo wa nyumba, hakuna anayechoma nyumba ili aingie. Vitu vya mtu aliyesahau neno la siri, mara nyingi, viko salama ndani ya disiki. Kinachokosekana ni njia ya kuvifikia, na njia ziko zaidi ya moja.

Kwa familia zilizokimbia vita, jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Goma iliposhikwa mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, watu walihama tena, hata wale waliokuwa tayari kambini. Mbele ya hapo, mwaka 2021, Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei, na siku tano baadaye kartiye 10 za Goma ziliamriwa kuhama. Kila mara mtu anabeba anachoweza. Simu inaanguka njiani, daftari lenye maneno ya siri linabaki mezani. Na wakati mwingine aliyejua neno la siri, baba ao kaka mkubwa, hayupo tena kuulizwa.

Mashini inayobaki si chombo cha kuangalia filamu tu. Kwa familia iliyotoka Masisi, Rutshuru ao Kalehe, karatasi zilibaki kule, pengine ziliungua. Ndani ya ile mashini kunaweza kuwa na picha ya cheti cha kuzaliwa, ya diplome, ya hati ya kiwanja. Picha hizo hazichukui nafasi ya karatasi yenyewe, lakini zina namba, tarehe na jina la ofisi iliyotoa karatasi. Bila hizo, mtu anaanza kutafuta haki yake mikono mitupu. Fundi anayefuta bila kuuliza anaweza kufuta alama ya mwisho ya shamba la familia.

Pengine neno halijapotea

Mbele ya kwenda kwa fundi, kuna jambo la kuchunguza nyumbani, na ni bure. Mashini nyingi zinazouzwa huku ni za mkono wa pili. Nyingine zina klavye ya Kifaransa, AZERTY, nyingine ya Kiingereza, QWERTY. Mashini ikibadili lugha ya klavye, mtu anagonga A kumbe mashini inasoma Q, anagonga M kumbe inasoma alama nyingine. Hata namba za mstari wa juu zinabadilika, kwa sababu kwenye klavye ya Kifaransa zinahitaji kitufe cha herufi kubwa. Mtu anaapa kwamba neno lake ni lilelile, na anasema kweli.

Dawa yake ni ndogo. Pembeni ya ukurasa wa kuingilia kuna herufi FRA ao ENG. Inafaa kuzibonyeza na kujaribu lugha nyingine, kisha kubonyeza alama ya jicho ili kuona herufi zinavyoandikwa kweli. Kitufe cha herufi kubwa nacho kiangaliwe. Ikiwa mashini inaomba PIN, yaani ile kodi fupi, inaweza kukubali pia neno la siri la konti. Kuna mashini ambazo zingefunguka hapo hapo, bila kulipa franga hata moja.

Ikiwa kweli limesahaulika

Kwenye Windows kuna aina mbili za konti, na kila moja ina njia yake.

Ya kwanza ni konti ya Microsoft, ile yenye anwani ya imeili. Hiyo inabadilishwa kwa intaneti, hata kwenye simu ya jirani. Microsoft inatuma kodi kwa imeili nyingine ao kwa namba ya simu iliyoandikishwa. Kisha mashini yenyewe iunganishwe na intaneti, hata kwa kugawiwa na simu, ili itambue neno jipya. Shida ya mkimbizi ni namba: kadi ya simu ilipotea njiani. Basi kazi ya kwanza ni kwenda kwa kampuni ya simu na kitambulisho, kama kadi ya mpiga kura, kuomba namba ileile irudishwe kwenye kadi mpya. Anayenunua namba nyingine kwa haraka na kuiacha ya zamani ife, anaweza kujifungia mlango huo.

Ya pili ni konti ya ndani ya mashini, isiyo na imeili. Kwenye Windows 10 na 11, mtu akikosea neno, anaweza kuonyeshwa nafasi ya kujibu maswali matatu ya usalama, kama aliyachagua wakati wa kufungua konti. Ikiwa ndani ya mashini kuna mtu mwingine mwenye konti ya usimamizi, yeye anaweza kumwekea mwenzake neno jipya.

Njia hizo zote zikikataa, bado kufuta si lazima. Fundi anayejua kazi anaweza kuwasha mashini kwa flashi yenye mfumo wa Linux, bila kugusa Windows, na kunakili picha na maandishi kwenye disiki ya nje. Ao anafungua mashini, anatoa disiki, anaichomeka kwenye mashini nyingine na kunakili kila kitu. Baada ya hapo, kuformate si hasara tena. Tofauti kati ya fundi mzuri na fundi mbaya iko katika mpangilio wa kazi: kunakili kwanza, kufuta baadaye.

Ni kweli kwamba kunakili kunachukua muda, na umeme unakatika. Fundi ana haki ya kulipwa kwa muda huo. Lakini ni mwenye mashini anayepaswa kuchagua, si fundi. Swali "Kuna vitu vya kuokoa ndani?" halimalizi hata dakika moja. Na mwenye mashini naye asiseme tu "nitengenezee". Aseme wazi: "Usifute kitu mbele sijaona vitu vyangu kwenye disiki nyingine."

Kitasa si sanduku la chuma

Kuna upande wa pili ambao wengi hawaufikirii. Ikiwa fundi anaweza kunakili vitu bila neno la siri, mwizi pia anaweza. Nyumba nyingi ziliporwa katika vita hii, na mashini zilizoibwa zinauzwa kwa bei ya chini. Neno la siri la Windows peke yake ni kitasa cha mlango. Dirisha limebaki wazi. Mwalimu mwenye orodha ya wanafunzi, muuguzi mwenye majina ya wagonjwa, mtetezi wa haki mwenye ushuhuda wa watu, hao wasitegemee kitasa hicho. Kwao kuna ulinzi wa kusimba disiki yote, unaoitwa BitLocker ao Device Encryption kwenye Windows, na FileVault kwenye Mac. Hapo mtu akitoa disiki hatasoma chochote.

Lakini ulinzi huo hauna huruma hata kwa mwenyewe. Kwenye Windows, ufunguo wa kuokoa una tarakimu 48. Ukipotea pamoja na neno la siri, hakuna fundi wa Goma wala wa Kinshasa atakayerudisha vitu vile. Na mashini mpya za Windows 11 zinaweza kuwa zimesimbwa zenyewe tangu siku ya kwanza, bila mwenyewe kujua. Mara nyingi ufunguo huo unatunzwa kwenye konti ya Microsoft ya mwenye mashini. Ndiyo sababu konti hiyo, pamoja na namba yake ya simu, inafaa kulindwa kama hati ya kiwanja.

Upande huu unawagusa mafundi pia. Anayeletewa mashini iliyofungwa anapaswa kuuliza ni ya nani. Sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inaadhibu kuingia bila ruhusa ndani ya mfumo wa mtu mwingine. Lakini hata bila sheria, swali hilo ni la utu. Mwenye mashini anaweza kusema jina la konti linaloonekana wakati wa kuwasha, ao kutaja picha zilizomo. Mjane anaweza kuja na ndugu wa marehemu. Anayeshindwa kusema chochote na kuomba tu "futa haraka", fundi anajua ameshika nini mkononi. Akiifuta, anasaidia mporaji kumaliza kazi yake.

Siri isiyozikwa na mwenyewe

Linabaki jambo la nyumbani. Katika familia nyingi, neno la siri la mashini linajulikana na mtu mmoja tu, mara nyingi baba. Kumwambia mke ao mtoto mkubwa kunaonekana kama kukosa heshima, ao kufungua mlango wa ugomvi. Lakini vita haichagui nani atafika na nani atabaki njiani. Baba akifa na neno lake, familia inarithi chuma.

Hakuna haja ya kulitangaza. Linaweza kuandikwa kwenye karatasi pamoja na anwani ya imeili na ule ufunguo wa tarakimu 48, likafungwa ndani ya bahasha na kuwekwa kwa mtu wa kuaminika asiyeishi nyumba ileile: shangazi, mama mkubwa, mzee wa kanisa. Isiwekwe ndani ya begi la mashini, kwa maana anayeiba begi anaiba vyote viwili. Na karatasi muhimu zipigwe picha na kuwekwa kwenye flashi ya pili, mbali na nyumba.

Wakuu wa shule na viongozi wa makanisa wanaopokea familia za wakimbizi wanaweza kusaidia bila kungoja shirika lolote. Wengi wana mashini moja ofisini na kijana mmoja anayeielewa. Siku moja kwa juma ya kunakili vitu vya familia kwenye flashi, mbele ya mwenyewe na kwa ruhusa yake, ingeokoa mengi. Mashini nyingine inaweza kununuliwa siku moja, amani ikirudi. Picha pekee ya mtoto aliyebaki Masisi haiuzwi Birere.