Tabianchi isiwe kisingizio: maswali ya Wapwani kabla ya 2027

Ijumaa iliyopita baada ya swala nilikaa na wazee kwenye baraza ya kahawa, na kama kawaida mazungumzo yakaangukia siasa. Nani ataungana na nani, nani atakuwa mgombea mwenza, na gavana gani ameshaanza kuhama chama. Mzee mmoja, mvuvi tangu ujana wake, alisikiliza kwa muda mrefu kisha akauliza: "Wanangu, mwasema huyu ataungana na yule. Na samaki je, yeye ataungana na nani?"

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kidogo tu, kwa sababu namjua mzee yule. Zamani alikuwa akishuka mkono wa bahari wa Tudor na mtumbwi wake na kurudi na tasi na kamba wa kulisha nyumba na wa kuuza. Siku hizi ana nyavu zilizokauka ukutani na kijana wake anaendesha bodaboda. Swali lake lilikuwa la siasa kuliko yote tuliyozungumza asubuhi ile.

Ndugu msomaji, tarehe 10 Agosti 2027 haiko mbali. Kabla hatujaanza kugawiwa leso na fulana, nataka tuzungumze kuhusu mazingira yetu, na hasa jinsi viongozi wanavyolitumia neno hili "mabadiliko ya tabianchi".

Tuanze kwa haki. Mabadiliko ya tabianchi ni kweli, na si sisi tuliyoyaanzisha. Kenya inatoa sehemu ndogo sana ya gesi chafu za dunia nzima, na sehemu kubwa ya umeme wetu, kama asilimia 90, inatokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Hata hivyo sisi ndio tunaolipa. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha, na wafugaji wa Tana River na bara ya Kilifi wakapoteza mifugo yao. Mvua ilipokuja mwishoni mwa 2023 ilikuja na El Nino, na mafuriko yakarudi tena 2024, hadi barabara ya kwenda Lamu ikafunikwa na maji kule Gamba. Baharini nako, wazee wanakumbuka mwaka 1998 ambapo maji yalipata joto kupita kiasi na matumbawe yakapauka na kufa kwa wingi katika pwani yetu. Matumbawe ni nyumba ya samaki. Nyumba ikibomoka, mwenyewe huhama.

Kwa hivyo Rais William Ruto alipowaita viongozi wa Afrika jijini Nairobi, Septemba 2023, na kuzitaka nchi tajiri zilipe gharama ya uharibifu waliousababisha, alisema jambo la haki. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kwamba maneno mazuri yanayosemwa mbele ya wageni hayafiki huku kwetu.

Tazama mfano mmoja. Serikali imeahidi miti bilioni 15 ifikapo 2032, na Novemba 13, 2023 tulipewa hadi siku ya mapumziko ili tupande miti. Miezi michache tu kabla, Julai mwaka huo huo, marufuku ya kukata miti misituni iliyowekwa 2018 ilikuwa imetangazwa kuondolewa. Serikali ilijieleza kuwa miti iliyokomaa katika mashamba yake ilikuwa ikioza huku vijana wakikosa kazi, na hoja hiyo ina uzito wake. Lakini mwananchi wa kawaida anajiuliza: mkono huu unapanda, mkono ule unakata, tushike lipi?

Hapa ndipo nilipo na shaka. Neno tabianchi limegeuka kuwa mwavuli. Kila uharibifu unaotokea, kiongozi anaingia chini yake. Mafuriko yakiingia nyumbani mwako, ni tabianchi. Samaki wakipungua, ni tabianchi. Mvua kweli ni ya Mwenyezi Mungu, na joto la bahari tumelipokea kutoka viwanda vya mbali. Lakini aliyeidhinisha jengo juu ya mtaro wa maji hakutoka Ulaya. Ana ofisi, ana muhuri, na sahihi yake iko kwenye karatasi.

Mfano wa uchungu zaidi ni Owino Uhuru, pale Mikindani, hapa hapa Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilijengwa ukutani mwa makazi ya watu, kikatoa moshi na maji yenye madini ya risasi. Watoto wakapata sumu hiyo kwenye damu. Bi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kuwa mwanawe mdogo pia amedhurika, akaanza kupiga kelele. Alikamatwa na akatishwa, lakini hakunyamaza. Kiwanda kikafungwa 2014. Julai 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa ikaamua wakazi walipwe Sh1.3 bilioni, na ikazitia hatiani taasisi za serikali, NEMA ikiwemo. Rufaa ikakatwa, hukumu ikatenguliwa 2023, na ni Desemba 2024 tu ambapo Mahakama ya Juu ilirudisha fidia ile.

Piga hesabu. Mtoto aliyekuwa na miaka mitano kiwanda kikifungwa, alikuwa na miaka 15 mahakama ya mwisho iliposema kuwa ana haki. Sumu ya risasi hudhuru ubongo wa mtoto akiwa mdogo, na haimsubiri wakili amalize kuzungumza. Na katika miaka yote hiyo, waliokuwa wakipinga hukumu ile hawakuwa wazungu. Taasisi zetu wenyewe, zinazoendeshwa kwa kodi yetu, zilikuwa upande wa pili wa kesi.

Nenda Lamu utakuta hadithi inayofanana nayo. Aprili 2018, Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe Sh1.76 bilioni kwa kuwa ujenzi wa bandari mpya ulichimba njia zao za uvuvi na kukata mikoko bila wao kushirikishwa ipasavyo. Mei 20, 2021 meli ya kwanza ikatia nanga kwa shangwe na hotuba. Siku hiyo wavuvi walikuwa bado wanasubiri pesa zao. Meli ilifika kabla ya haki.

Lakini Lamu hiyo hiyo ilitufundisha jambo jengine. Ulipoletwa mpango wa kiwanda cha umeme cha makaa ya mawe kule Kwasasi, chenye uwezo wa megawati 1,050, wananchi hawakuridhika na ahadi za kazi. Walisoma ripoti, wakauliza maswali, wakaenda kwenye baraza la kesi za mazingira. Juni 26, 2019 leseni ikafutwa, na sababu kubwa ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa sawasawa. Waliowaambia watu wa Lamu kuwa wanapinga maendeleo walisahau kuwa uvuvi pia ni kazi, na utalii wa mji wa kale pia ni kazi.

Sasa kwa nini mambo haya yanatupata sisi mara kwa mara? Jibu langu ni la hesabu za kura. Lamu ndiyo kaunti iliyokuwa na wapiga kura wachache zaidi nchini 2022, kama 81,000. Mwanasiasa wa kitaifa akipiga hesabu, hasira ya Lamu haimuumizi. Lakini Mombasa hatuna kisingizio hicho. Mwaka 2022 tulikuwa na wapiga kura zaidi ya 640,000 walioandikishwa, na waliojitokeza hawakufika nusu. Sisi ndio tulioshika mkia nchi nzima. Tofauti kati ya mshindi wa urais na aliyemfuata ilikuwa kama kura 233,000. Yaani Wapwani wa Mombasa peke yao waliobaki nyumbani siku ile walikuwa wengi kuliko tofauti iliyoamua nani aingie Ikulu.

Simwambii mtu ampigie nani. Ninasema tu kwamba asiyepiga kura hahesabiwi, na asiyehesabiwa ndiye anayejengewa kiwanda cha betri nyuma ya nyumba.

Na tusiwe watu wa kunyoosha kidole tu. Katika Surat Ar-Rum, aya ya 41, Mola anatufahamisha kuwa uharibifu unaodhihiri bara na baharini ni kwa sababu ya yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Haikusema mikono ya serikali pekee. Mikoko ya Tudor na Mwache ilikatwa na nani kwa kuni na boriti? Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilipoteremsha tope jingi na kufukia mizizi ya mikoko ya Mwache, tope lile lilitoka kwenye milima iliyoachwa wazi. Mifuko na chupa zinazoziba mitaro hutupwa na sisi na watoto wetu. Na ardhi ya ufukweni, mara ngapi imeuzwa na Mpwani mwenyewe, kisha baadaye akalalamika kuwa njia ya kwenda baharini imefungwa?

Pia tunajua jinsi ya kutengeneza. Pale Gazi, Kwale, tangu 2013 wanakijiji wanatunza hekta 117 za mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, na wanauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti ile. Pesa zimeleta maji na vitabu vya shule. Hawakungoja kongamano. Lakini biashara hii ikikua, wajanja pia watakuja. Sheria ya tabianchi iliyorekebishwa 2023 inasema miradi ya ardhini iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato. Je, ni wazee wangapi wa vijiji vyetu wanaoijua sheria hiyo kabla hawajawekewa karatasi ya kutia kidole?

Kwa hivyo mheshimiwa akija mtaani kwako, akikuambia anapenda mazingira, mpe kiti na kahawa, kisha muulize maswali matatu. La kwanza: hukumu za Owino Uhuru na wavuvi wa Lamu, utasimamia vipi zilipwe hadi shilingi ya mwisho, na pesa utazitoa kwenye bajeti ipi? La pili: kabla ya mradi wowote kupewa leseni hapa, utahakikisha vipi kuwa ripoti yake imesomwa kwa wananchi kwa Kiswahili, wakati bado wana nafasi ya kukataa? La tatu: katika muhula wako uliopita, uliposikia mikoko inakatwa au mtaro unajengewa, ulisema nini, na wapi?

Akianza kuzungumza juu ya Ulaya na Marekani, mrudishe taratibu. Mwambie hayo tunayajua na tuko naye. Sisi tunauliza ya hapa.

Na yule mzee wa baraza bado hajajibiwa. Jioni nilimpitia nyumbani, nikamkuta anashona nyavu zake. Nikamuuliza, baba, wazishona za nini na wewe huendi tena? Akaniambia, "Huenda mjukuu akazihitaji." Inshallah azihitaji. Lakini hilo haliko mikononi mwa mzee peke yake.